Maranda ya Kijani

Katika miaka yote waliyoishi chini ya paa moja, mama mkwe alimsifu mkwewe mara moja tu, na sifa hiyo ndiyo iliyoingiza msiba nyumbani.

Ilikuwa asubuhi, verandani. Mkwe alikuwa amepiga magoti, anajaza karai la paka maranda mapya kutoka karakana ya mumewe. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, paka kamlalia mapajani. Ghafla akainua pua.

"Haya ya leo," akasema, "angalau yananukia usafi."

Mkwe akageuka kutazama nyuma, isije ikawa anasemeshwa mtu mwingine.

"Yananukia nini, mama?"

"Dawa. Kwa mbali, lakini ipo. Kama wodi iliyotoka kupigwa deki. Siyo yale yako ya siku zote, mtu akipita hapa anadhani tunafuga mbuzi."

"Basi nitakuletea hayahaya."

"Ukiweza. Nakujua, kesho utarudi kwenye ushamba wako."

Aliyeambiwa hivyo alicheka mpaka machozi yakamlenga, na siku nzima alitembea kama mtu aliyevishwa kilemba. Hakujua kuwa kilikuwa cha ukoka.

Mtaani anaitwa Mama Maranda. Hana mtoto wa jina hilo. Ana binti mmoja aliye masomoni mji mwingine, ambaye akipiga simu huanza na, "Mama, ndugu yangu Maranda hajambo?" Jina lilitokana na kazi. Anaosha na kutunza paka na mbwa wa watu, na badala ya ule mchanga wa choo cha paka unaouzwa kwenye mifuko ya plastiki, yeye huwapelekea wateja wake maranda, yale makapi laini yanayoanguka seremala anapopiga randa mbao. Huyachekecha, huyaanika juani, kisha huyachanganya na unga wa mkaa kidogo ili kukata harufu. Yakishatumika huyarudisha mwenyewe, huyazika kwenye shimo nyuma ya nyumba, na baada ya muda mrefu hugeuka udongo mweusi wa kupandia maua. Maua tu, mboga hathubutu.

Kabla ya hapo aliuza kwenye duka la vyakula na vifaa vya wanyama. Kazi ilikuwa nyepesi, hewa ndiyo ilikuwa nzito. Poda ya viroboto ilimwasha macho, dawa ya kupuliza ilimkaba koo, na jioni akirudi kwake alipita kando ya korongo na kuikuta mifuko ileile aliyoiuza, sasa imejaa uchafu, imepasuka, imeziba mfereji. Mvua ikinyesha, maji yaliingia majumbani pamoja na mchanga wa choo cha paka. Mwaka mmoja mfuko ulielea mpaka mlangoni kwake na kukwama hapo, na picha ya paka anayetabasamu ikabaki inamtazama. Huwaambia watu kwamba paka yule ndiye aliyemfukuza kazi.

Akaanza upya kwa vitu vya kuokota. Kamba za mbwa alizishona kutoka kwenye mikanda ya magari yaliyokufa. Vitanda vya paka alivijaza vipande vya vitambaa kutoka kwa rafiki yake, mshonaji wa kona, ambaye kila jioni alimtundikia mfuko wa mabaki kwenye kitasa cha mlango. Viroboto hakuwapiga poda. Aliwachana wanyama kwa chanuo la meno membamba, analichovya kwenye bakuli la maji ya sabuni, anachana tena, kazi ya subira kama kuchambua mchele. Mbwa aliwasuuza kwa maji ya majani ya mwarobaini. Na nyumbani aliweka sheria moja, aliyoitaja kila siku kama dua: hakitupwi kitu.

Mumewe, seremala mpole ambaye wateja walimwita Fundi na mkewe akamwita hivyohivyo hata wakiwa wawili, aliipokea sheria kama alivyoipokea ndoa, bila maswali mengi. Mama yake Fundi hakuipokea. Bibi huyu alikuwa amemalizia nguvu zake kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mikono ndani ya mashuka na maji ya dawa, na kwake yeye kitu kisichonukia dawa kilikuwa bado hakijafuliwa. Alipofiwa na mumewe alihamia kwa mwanawe na sanduku moja la nguo na paka mmoja.

Paka huyo, dume la kijivu lenye sikio lililochanika, aliitwa Mkaguzi, kwa kuwa hakikufunuliwa chungu asikichungulie wala hakuingia mgeni asimnuse viatu. Watu wa nyumba ile walipata kwa bibi amri na lawama. Mambo yenyewe, mguu unaouma, ndoto, marehemu alivyokuwa akivua kofia kabla ya kuingia, hayo aliambiwa Mkaguzi, kwa sauti ya chini, baada ya chakula cha mchana. Mama Maranda alikuwa akiosha vyombo polepole ili asikie. Ndivyo alivyomfahamu mama mkwe wake: kwa kudokoa yaliyokuwa ya paka.

Ndiyo maana sifa ile ilimlewesha. Maranda yale yalikuwa na harufu, na yalikuwa na rangi pia: kijani cha mbali, kama maji yaliyosuuziwa mboga. Aliiona. Aliipenda. Akayapeleka kwa wateja wake kwa mbwembwe.

"Safari hii nimekuletea kitu kipya," alimwambia mshonaji.

"Umeyapaka rangi?"

"Rangi ya mti wenyewe."

"Mti gani huo?"

"Mti mzee."

"Wazee wakiwa kijani hivyo," alisema mshonaji huku akitunga uzi, "basi mimi na wewe bado tuna nafasi." Wakacheka wote wawili, na paka wa mshonaji, jike jeupe aitwaye Pamba, akaingia kwenye karai kabla halijawekwa chini.

Siku chache baadaye chungu kilifunuliwa jikoni na Mkaguzi hakutokea.

Walimkuta chini ya kiti cha bibi. Mate yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Alijaribu kulamba wayo wa mbele, akashindwa, akatapika majimaji yenye povu, akaweka kichwa sakafuni palepale karibu na alichotapika. Paka msafi kuliko wote mtaani.

"Wewe!" bibi akaita. "Njoo uone kazi yako!"

"Mama, mimi sijamfanya kitu."

"Hujamfanya? Unamchana kutwa kama bibi harusi, unamzungushia majani yako. Nilisema. Nilisema mnyama anataka dawa ya kiwandani, iliyopimwa na watu waliosoma. Wewe unamtibu kwa takataka."

"Majani ni ya mbwa tu, mama. Paka simpaki kitu hata siku moja. Paka anajilamba."

Alilisema hilo kwa hasira, na lilipotoka mdomoni akahisi kitu kimemgusa mgongoni, kama mtu anayetaka kumkumbusha jambo. Hakugeuka. Walimtia Mkaguzi kwenye kikapu chenye mfuniko, na bibi, ambaye hakuwa ametoka nje ya lango tangu msimu wa mvua, alivaa viatu vyake vya msibani akashika mkono mmoja wa kikapu. Mkwe alishika wa pili. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kikapu kilienda upande njia nzima.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. Alimminya paka tumbo, akamfunua kope, akatazama fizi.

"Mmetega sumu ya panya?"

"Hapana."

"Dawa ya viroboto? Ya kupuliza, ya kupaka?"

"Hatutumii," alisema Mama Maranda, na hata pale, mezani pale, alilisema kwa fahari kidogo.

"Kwenye karai lake la choo mnaweka nini?"

"Maranda tu."

"Maranda ya mbao gani?"

Mama Maranda alifungua mdomo. Yeye ambaye angeweza kushika kitambaa chochote kwenye kitanda cha paka akakwambia kimetoka kwenye gauni la nani, hakuwahi kuuliza mbao zile zimetoka wapi.

"Mbao za mume wangu," akasema.

"Na kabla ya kuwa za mume wako zilikuwa za nani?"

Daktari alikuwa ameushika wayo wa Mkaguzi, ametanua vidole. Katikati ya kucha kulikuwa na vumbi. Alilifuta kwa pamba nyeupe, na pamba ikatoka na kijani.

"Mbao zilizoshindiliwa dawa ya mchwa huwa na rangi hii," alisema. "Siwezi kuapa bila kipimo, na kipimo hicho hapa sina. Lakini paka anakanyaga, kisha anajilamba. Dawa yote ya kwenye mbao inaishia tumboni."

"Dawa?" aliuliza bibi.

"Dawa ya mbao, mama. Kwa kiumbe hai ni sumu."

Bibi alianza kupapasa mfuniko wa kikapu kitupu, akifuata mzunguko wa ukindu kwa kidole.

"Nabaki naye, namtundikia dripu," daktari aliendelea. "Na kuna paka wengine wanaotumia haya?"

"Wapo."

"Waje leo. Wakiwahi, wengi huponyeka. Wakichelewa, mimi sina miujiza. Na hayo maranda msiyachome, moshi wake ni mbaya kuliko yenyewe. Wala msiyamwage korongoni."

Karakana ya Fundi ilikuwa banda la bati lenye mlango mmoja na kelele nyingi. Mama Maranda alimkuta mumewe anapiga msasa benchi, na nyuma yake, zimeegemea ukuta, nguzo za uzio, nene, kuukuu, ncha zikiwa bado na udongo. Alikuwa amezipita mara nyingi. Sasa alizitazama kama mtu anayemtazama mpangaji aliyeambiwa ni mwizi.

"Fundi, hizi ulizitoa wapi?"

"Ghala lililobomolewa kule chini. Si wewe ulisema? 'Fundi, kwa nini mti mpya ukatwe na mzee amelala barabarani?' Nikaenda na mkokoteni."

"Rangi hukuiona?"

"Niliiona. Nikapiga randa mpaka ndani, ndani nako kijani. Nikajua ni mti wa aina yake."

"Nguzo imekaa ardhini umri wote huo haina hata tundu moja la mchwa! Hukujiuliza?"

"Nilifurahi!" Fundi akaweka msasa chini. "Mbao ngumu, haina mdudu, ya bure. Mimi natengeneza benchi, mke wangu. Nani analamba benchi?"

Angeweza kucheka, siku nyingine. Alikaa juu ya benchi hilohilo akamweleza: Mkaguzi, pamba ya kijani, maneno ya daktari. Fundi alisikiliza huku akijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, kisha akaitazama mikono yenyewe.

"Umewapelekea wote?"

"Wote."

"Kuna aliyelalamika?"

"Bado."

"Basi nisikilize. Nenda uyachukue. Sema umeleta kitu bora zaidi. Wakishaacha kuyakanyaga si yamekwisha? Ukitamka neno sumu, kesho hakuna atakayekupa hata kuku umwogeshe. Miaka yote hii umewaambia cha dukani ni sumu, chako ni salama. Watakucheka mpaka ukome."

"Daktari kasema waje leo."

"Daktari haishi mtaani kwetu."

Si kweli kwamba Fundi alimshawishi. Fundi alitamka tu kile alichokuwa amekibeba Mama Maranda mwenyewe tangu mlangoni kwa daktari. Aliliona jina lake, jina alilolijenga kwa chanuo na ungo, likisombwa kuelekea korongoni pamoja na mifuko yenye picha ya paka anayetabasamu. Mchana uliobaki alichana magazeti ya zamani vipande vyembamba na kuyajaza kwenye magunia, kwa bidii yote ya mtu anayetengeneza kitu ili asifanye kingine. Jua likazama magunia yakiwa tayari. Akajiambia watu wamechoka, atakwenda asubuhi.

Asubuhi alianza kwa mshonaji, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi.

"Shoga, alfajiri yote hii? Nimekukosea nini?"

"Nabadilisha maranda. Nimekuletea magazeti."

"Hee! Juzi umeniletea ya kijani ukasema ndiyo habari ya mjini. Leo magazeti. Pamba nani kamfundisha kusoma?"

Mama Maranda alicheka. Alikuwa ameinama juu ya karai, anakomba ya kijani kwa mikono miwili na kuyatia kwenye mfuko, mpaka chembe ya mwisho, na alicheka.

"Ila kweli," mshonaji akaendelea, mguu ukikanyaga cherehani, "tangu jana kagoma kula. Nahisi ni joto. Au kanuna, nilimwondoa kwenye lile gauni la harusi."

"Maji anakunywa?"

"Kidogo. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Pamba alikuwa juu ya rundo la mabaki ya vitambaa, amejikunja, macho nusu. Hata hakuinua kichwa. Mama Maranda alimwona. Alifunga mfuko, akafunga fundo, akafunga na la pili, akaaga.

Duka la kinyozi lilikuwa mtaa wa pili. Humo kila kitu kilisemwa kwa sauti kubwa kwa sababu ya mashine, na paka wa dukani, jike la rangi ya chungwa, alikuwa na kiti chake mwenyewe chini ya kioo. Alikuwa amekaa hapo, mzima, anamtazama mteja anavyonyolewa.

"Mama Maranda!" kinyozi akapaza. "Afadhali umekuja. Sema kweli, yale ya kijani umeyatia nini?"

"Kwa nini?"

"Mende wamekwisha! Nimekuta wamelala chali kuzunguka karai lote, utadhani wamealikwa. Nikamwambia huyu bwana hapa, yule mama ni kiboko. Unapata choo cha paka, unapata dawa ya mende, zote pamoja."

Mteja, nusu ya kichwa ikiwa tayari, alicheka. Vijana waliosubiri zamu kwenye benchi la ukutani nao wakacheka. Mmoja akauliza kama kuna toleo la kunguni.

Mama Maranda alisimama na gunia la magazeti mkononi. Alikuwa ameyasikia maneno mengi tangu jana: ya daktari, ya mumewe, yake mwenyewe. Hakuna lililomfikia kama mende wale waliolala chali huku watu wakimpongeza.

"Zima mashine," akasema.

"Eti?"

"Zima mashine unisikie. Yale maranda yana sumu. Mbao zilikuwa na dawa ya mchwa, sikujua, nikakuletea. Paka wa nyumbani kwangu yuko kwenye dripu. Mchukue paka wako umpeleke kwa daktari sasa hivi."

Kinyozi alizima mashine, akamtazama, akamtazama paka, kisha akaanza kufungua koti lake jeupe.

"Na kichwa changu je?" mteja akauliza.

"Kichwa chako hakijalamba kitu," kinyozi akamjibu, na tayari alikuwa amemtia paka kwapani. Mlangoni alisimama kidogo. "Wengine umewaambia?"

Mama Maranda alikuwa ameshaanza kukimbia.

Kwa mshonaji cherehani ilikuwa bado inalia. Gauni la harusi lilikuwa limetandazwa kama mawingu, na rundo la vitambaa lilikuwa tupu. Pamba alikuwa amehamia nyuma ya ndoo, kwenye sakafu ya baridi. Mama Maranda alisema yote kwa pumzi moja, amesimama mlangoni, kifua kikipanda na kushuka. Mshonaji hakuondoa mguu kwenye kanyagio mpaka alipofika mwisho wa mshono. Akakata uzi.

"Ulikuja asubuhi," akasema.

"Nilikuja."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniuliza kama anakunywa maji."

"Ndiyo."

"Na ukacheka na mimi."

Hakungoja jibu la hilo. Alimwokota Pamba pamoja na kitambaa kilichokuwa karibu, kipande cha hariri ya mtu, akapita mlangoni bila kumgusa rafiki yake, ingawa mlango ule ulikuwa mwembamba na huko nyuma walikuwa wakipita humo wote wawili kwa kusukumana.

Mama Maranda alimaliza mzunguko. Nyumba moja ilimtukana, nyumba nyingine ikamkaribisha kiti, nyingine ikamwambia maranda yalishamwagwa zamani kwa kuwa hawakuipenda rangi. Aliyekuwa mteja mwenye midomo mikubwa kuliko wote alisema, "Si ulisema cha asili hakidhuru?" na yeye akasema, ndiyo, nilisema. Paka wawili walipelekwa kwa daktari pamoja na wa kinyozi, na wote watatu walirudi. Pamba hakurudi. Daktari alisema alikuwa mdogo wa mwili na alifika amechelewa. Alisema hivyo kwa upole, kwa mshonaji, na Mama Maranda alikuwa amekaa kwenye benchi la pili, anasikia.

Mkaguzi alirudi baada ya siku kadhaa akiwa amebaki mifupa na masharubu. Bibi alimpokea mapajani, akamfunika kwa shali, na mchana ule, baada ya chakula, hakumwambia kitu. Mama Maranda aliosha vyombo polepole kama kawaida, akangoja. Akaosha hata vilivyokuwa visafi.

Maranda ya kijani yote yako ndani ya pipa la bati lenye mfuniko, pembeni mwa veranda, nguzo zilizobaki zimelazwa nyuma yake chini ya turubai. Hayachomeki, hayazikiki, hayamwagiki. Ofisi ya taka imeahidi kuja na gari lake na imeahidi tena. Kwenye nyumba ambayo hakitupwi kitu, kimepatikana kitu kinachotakiwa kutupwa na hakuna pa kukitupa. Fundi alivunja benchi alilokuwa ameshalimaliza na kulirundika humohumo. Siku hizi mtu akimletea mbao, hata kipande, anauliza ilizaliwa wapi. Wateja wanamwona amezeeka.

Kazi imepungua. Kinyozi bado anampa paka wake kumchana, na humtambulisha kwa sauti kubwa: "Huyu ndiye Mama Maranda aliyeniua nusu, lakini alikuja kusema mwenyewe." Watu hucheka. Yeye huendelea kuchovya chanuo. Jina halijabadilika, watu hawakuhangaika kumtafutia lingine, na akiitwa anaitika.

Kwa mshonaji hupita kila siku, hana njia nyingine ya kwenda sokoni. Anapokaribia dirisha, cherehani inanyamaza. Akishapita, inaanza tena. Kwenye kitasa cha mlango wake hakutundikwi mfuko. Siku moja, akipita kando ya korongo, aliona vipande vya vitambaa vimenasa kwenye majani chini kule, vyeupe, vya waridi, na kimoja cha hariri. Alivijua vyote. Zamani angeshuka na kikapu. Safari hii aliona kwamba kuvichukua kungekuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi, akaviacha.

Jana alileta mchanga. Mchanga wa kawaida, aliouchimba mwenyewe pale mto ulipokauka, akauchekecha, akauosha kwa maji mengi, akauanika juani mpaka ukawa mweupe. Mbegu alizokuwa amezipanda ndani yake kwa majaribio zilikuwa zimeota zote, ndipo akapiga magoti verandani kujaza karai.

"Umetoka wapi huo?" bibi akauliza.

"Mtoni, mama. Nimeuchimba mwenyewe."

"Juu ya daraja au chini yake, kwenye taka?"

"Juu."

"Ulete hapa."

Mama Maranda alimpelekea kiganja kimoja. Bibi aliinama, akanusa, kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Haunuki kitu," akasema.

"Hapana, mama."

"Yale nilinusa mimi." Alikuwa anautazama mchanga, si mkwewe. "Pua hii. Nilinusa, nikafurahi."

Mama Maranda alitaka kusema kwamba hata yeye alifurahi, na kwamba furaha yake ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Lakini ya bibi yalikuwa maneno ya mapajani, yale ya baada ya chakula, na hakuwa na hakika kama yalikuwa yanaambiwa yeye au paka. Akakunja kiganja, akaurudisha mchanga kwenye karai, akausawazisha.

Mkaguzi alishuka kitini. Alitembea polepole, kiuno kikiwa bado hakijanyooka vizuri, akasimama ukingoni mwa karai. Aliunusa mchanga. Akageuza kichwa, akalitazama pipa la bati. Akaunusa tena. Mama Maranda alinyoosha mkono amsaidie kupanda.

"Mwache," bibi akasema. "Akague mwenyewe."

Wakakaa, mmoja kitini, mmoja sakafuni, wakimngoja. Paka aliinua mguu mmoja wa mbele, akauweka hewani juu ya mchanga, na hakuushusha.